Wimbo wa Koko Uliokatika

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini mchana. Najua hata dakika, kwa sababu kabla ya kutoka nyumbani niliandika kwenye daftari hili: "Leo nitaongea na watu." Maman anasema mimi ni mutoto wa kujificha nyuma ya mlango, na hakosei. Mtu kama mimi angetoa wapi ujasiri wa kubuni kisa na kukisimulia? Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu usikilize.

Koko, baba ya maman yangu, alisomea umekanika wa magari kule Adis Ababa, ujana wake. Alirudi Bukavu na santuri ndogo sita na katoni ya kaseti, zote muziki wa kule: saksofoni zinazolia kama mtu anayejikaza asilie, na sauti zinazopanda halafu zinapinda. Santuri zilivunjika wakati wa kukimbia vita. Kaseti ziliharibiwa na unyevu, ikabaki moja. Tangu Pasaka, mdomo wake ulipopinda kwa kiharusi, Koko hasemi hata neno. Anaimbia puani tu, na wimbo ni uleule, wa mwisho upande wa kwanza wa ile kaseti. Akifika pale unapokatika, katikati kabisa, naye anakatika. Anapiga ubao wa kitanda kwa ngumi. Anaanza upya. Ni hivyo mchana kutwa. Daktari alimwambia maman kwamba siku hazibaki nyingi. Mimi nikaapa: Koko hataondoka na nusu ya wimbo.

Nilitafuta kwenye simu. Siku hizi muziki wa zamani wa Ethiopia umejaa humo, umesafishwa vizuri, hata Wazungu wanaucheza. Wimbo wetu haumo. Na juu ya kaseti Koko aliandika kwa herufi za kule, ambazo kwetu hakuna anayezijua.

Basi nikabeba redio-kaseti na ile kaseti, nikapanda mtaa wa Kadutu kwa Papa Mastaki, fundi wa redio, ambaye wanasema anajua kila wimbo uliowahi kupita Bukavu. Duka liko wazi, yeye hayuko. Maman mmoja anauza makala, mkaa wa kupikia, pembeni.

"Papa Mastaki alienda ku matanga, atarudia. Ikala, mutoto. Kiti haiumake."

Nikakaa, maana kweli kiti hakiumi. Mvua ikashuka. Nikawasha kaseti ili kupitisha wakati. Ilipofika pale inapokatika, mtu akasema nyuma yangu:

"Wimbo haukukatika. Utepe ndio uliisha."

Kwenye benchi ambalo lilikuwa tupu ameketi mwanaume wa suti ya kahawia, kola pana. Mvua ilikuwa inaingia upande upande, viatu vyangu vimejaa maji. Vyake vilikuwa na vumbi. Vumbi, katika mvua ya Kadutu. Wewe umeshaona?

"Kule Adis Ababa ilikuwa amri ya kutotoka nje usiku," akasema, polepole, kama anayesoma. "Watu walifungiwa hotelini mpaka alfajiri, basi nasi tulipiga mpaka alfajiri. Babu yako alikuwa meza ya mbele na redio kama hiyo. Wimbo ule haukuingia studio hata siku moja."

Nani alimwambia habari za Koko? Nilitaka kukimbia, niamini. Lakini nilikumbuka ile ngumi kwenye ubao.

"Unajua mwisho wake, papa?"

"Mimi ndiye niliyeupiga. Geuza kaseti, niuweke humo. Ziba kale katundu ka juu, kushoto. Bonyeza vile vitufe viwili pamoja."

Mimi nimezaliwa wakati wa simu. Nilidhani katundu ni sehemu iliyovunjika. Nikachukua karatasi ya gundi kwenye meza ya Papa Mastaki, nikaziba, nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Na upande huu una nini?" akaniuliza, akitabasamu.

"Ni sauti ya Koko," nikajibu, na hapo ndipo nikajisikia: nilikuwa narekodi juu yake. Mwaka aliozaliwa maman, Koko alirekodi akimbembeleza na kumfundisha kusema papa. Hatuna mahali pengine popote Koko anapoongea. Nikamtazama yule mtu. Haimbi. Amenyoosha shingo kuelekea redio, mdomo wazi, kama mwenye kiu. Nikazima.

"Endelea, mutoto. Sauti ya zamani utaifanyia nini?"

"Hapana, papa."

"Basi hatapata mwisho."

"Nifundishe mimi. Nitaubeba kichwani."

"Wewe? Wewe ambaye hata kanisani unachezesha midomo tu?"

Ni kweli, na sijamwambia mtu yeyote.

"Nifundishe."

Alicheka muda mrefu. Kisha akaimba, nikarudia. Akaimba tena, nikarudia kwa nguvu, kushinda mvua juu ya mabati. Mara ya tatu nilifumba macho na kufika mwisho peke yangu. Nilipofumbua, maman wa makala alikuwa mbele yangu.

"Unaimbia nani, mutoto?"

Benchi tupu. Chini yake, alama mbili za vumbi kavu.

Papa Mastaki aliporudi nilimweleza yote. Aliitazama ile karatasi ya gundi, akaketi.

"Zamani, kaseti ya maana tulikuwa tunaivunja kale kajino kanakofunika katundu, mtu asirekodi juu yake. Koko wako alikavunja mwenyewe." Akatazama benchi. "Viatu vyake vilikuwa vikavu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alifunga duka mapema.

Jioni ile tuliisikiliza kaseti nyumbani, mimi na maman. Upande wa pili sasa unaanza na mvua. Kisha mimi: "Ni sauti ya Koko." Swali la yule mtu halipo. Kisha Koko kijana: "...wangu, sema papa." Pale mwanzo palikuwa na jina, jina ambalo Koko peke yake alimwitia maman. Nililifuta mimi. Maman hakunigombeza. Alirudisha nyuma mara nne, akatoka nje. Hakusikia kwamba chini ya sauti yangu kuna mtu anavuta pumzi. Mimi nasikia, kila mara.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiona kaseti imevunjwa kale kajino, aliyevunja alikuwa na sababu yake. Usizibe kwa sababu mtu mwenye viatu vikavu amekuambia. Unachotaka, kibebe kwa mdomo wako mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, niliingia kwa Koko. Maman na tonton, mjomba wangu, walikuwemo. Sikungoja watoke. Koko alianza, akafika pale, akainua ngumi. Mimi nikaendelea. Ngumi ilibaki hewani, kisha ikafunguka. Tuliurudia mara tatu, na mara ya tatu sauti ya mwisho aliichukua yeye, akaivuta kuliko mimi, akageukia ukutani, akalala.

Nikachukua kaseti, nikaikwangua ile gundi kwa ukucha mpaka katundu kakawa wazi.