Ng'ombe wa Kaka Wodini

Juzi mjini Katesh nilimwona binti akichora ng'ombe kwenye simu. Katika kila picha alisogeza miguu kidogo tu, mpaka ng'ombe akatembea. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, wodini, harufu ya dawa na uji, na kaka yangu amelala, mguu uliovunjika umefungwa hogo zito la plasta. Alikuwa amekataa kula. Alitaka kuwaona ng'ombe wetu.

Nesi mmoja aliyehamia kutoka Bukoba alinipa karatasi ndogo alizozibana pamoja.

"Chora ng'ombe kwenye kila karatasi, kisha uzipitishe haraka kwa kidole. Atatembea."

Nilichorea nje kwenye benchi, huku basi likishusha wagonjwa. Nyumbani hatukuwa na ng'ombe wawili waliofanana, na kaka angeuliza habari za kila mmoja. Kwa hiyo kila karatasi niliipa ng'ombe wake: mweusi, wa madoadoa, mwenye pembe iliyovunjika.

Niliporudi wodini, nesi alizipitisha akacheka. "Mdogo wangu, huyu hatembei, anabadilika rangi tu. Ungemchora mmoja."

"Mmoja, sista? Na wengine wachungwe na nani?"

Leo najua nesi alikuwa sahihi. Siku ile nilidhani amenitania, nikataka kuzichana zile karatasi. Kaka akanyoosha mkono, akazichukua, akazipitisha mwenyewe mara kadhaa. Kisha akavuta bakuli la uji.

"Sasa pitisha wewe, polepole," aliniambia huku akinywa. "Wanaingia zizini. Nataka nione kama wamerudi wote."