Nguzo Zilizobaki Kwenye Majivu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Nachingwea, Mnyapara alinipa ubao wa mninga na randa, akaniambia niulainishe. Useremala nilikuwa nimejifunza peke yangu kwetu Ruponda, kwa kubomoa makasha na kuyaunga upya, wala hakuna mtu aliyewahi kusimama akanitazama nikifanya kazi. Kila nilipopitisha kiganja juu ya ubao nilikuta kinundu. Nikaranda tena, nikakuta kingine. Jioni Mnyapara aliuinua ubao wangu kwenye mwanga.

"Kijana, nilikupa ubao. Mbona unanirudishia karatasi?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Nawaambia wazi ninyi mnaoanza kazi leo: hofu ya kukosea haikuniacha miaka yote niliyoshika msumeno.

Zilikuwa enzi za mashamba makubwa ya karanga. Matrekta yaling'oa msitu, magogo yakasukumwa yakalazwa kwa safu ndefu, kisha yakatiwa moto. Sisi wa karakana tulitengeneza milango, meza na vitanda vya wafanyakazi. Miaka ya hamsini kazi ilipopungua, Mnyapara alinichukua twende Ruangwa kumsaidia dada yake, Bibi Somoe.

Bibi Somoe alikuwa mkunga. Nyumba yake ilikaa mteremkoni, na mbele yake marehemu mumewe alikuwa amejenga baraza ya mbao juu ya nguzo, kimo cha kifua cha mtu. Wajawazito waliotoka mbali walikaa hapo kusubiri siku zao. Siku chache kabla hatujafika, ubao ulikuwa umevunjika na mguu wa mama mmoja, Zainabu, ukazama mpaka pajani. Mimba ilisalimika, ila Zainabu alirudi kwao akaapa kwamba hatapanda tena pale, bora azalie shambani. Na uzazi wake wa kwanza ulikuwa nusura umtoe roho.

"Mbao mpya sina, na cha kukulipa sina ila ugali," Bibi Somoe aliniambia. "Lakini Zainabu namtaka juu ya baraza hii kabla uchungu haujamshika."

Nilianza kupima mbao za juu. Mnyapara yeye aliinama chini, akagonga nguzo kwa mpini wa nyundo. Ikatoa sauti ya boga kavu. Mchwa walikuwa wamekula moyo wote wakaacha ganda.

"Acha kupima huko," alisema. "Mti gani mchwa hawauwezi?"

"Mpingo."

"Na mpingo wa bure uko wapi?"

Hapo nikakumbuka zile safu za magogo. Tulirudi Nachingwea tukamwomba Msimamizi wa mashamba. Akacheka. "Chukueni! Huo mti nimeuchoma mpaka viberiti vimenichoka."

Sitasahau nilichokiona kule. Miti mingine yote ilikuwa imegeuka unga wa kijivu, upepo unaupeperusha. Katikati ya unga ililala mipingo, ganda limeungua, moyo mzima. Niligonga mmoja kwa nyundo, ukalia kama kengele, mlio ukanipita mkononi hadi begani. Nilijiona mdogo sana mbele ya kitu kile.

Tuliipakia kwenye lori lililokuwa likienda tupu Ruangwa kuchukua ufuta. Mpingo ulimaliza meno ya msumeno, nikawa nashinda na tupa mkononi nikinoa. Kila nguzo niliichonga mdomo juu, yaani mkato wa kulaza boriti, ule mti mrefu unaobeba mbao. Bolti hatukuwa nazo, hivyo tulitoboa kwa keekee tukapigilia vigingi vya mpingo uleule. Mbao zilikuwa za makasha ya mashine, tukazipaka oili chafu ya karakana kuwazuia mchwa. Kati ya ubao na ubao niliacha nafasi ya unene wa punje ya hindi, maji ya mvua yapite. Bibi Somoe alitukataza kubomoa yote kwa pamoja kwa sababu wajawazito walikuwa hawakatiki, basi tulijenga upande mmoja, wakahamia huko, tukajenga wa pili.

Kazi ilipokwisha, Zainabu aliitwa. Alisimama uani, mkono kiunoni, tumbo limeshuka.

"Nzuri," alisema. "Hata ile ilikuwa nzuri kwa juu."

Bibi Somoe hakubishana naye. Aliwaita majirani wapande na vinu vyao, watwange mtama kwa pamoja.

"Bibi," nilimsihi, "mmojammoja sawa. Wakitwanga kwa mpigo mmoja baraza itatikisika vibaya."

"Ndiyo maana nawataka kwa mpigo mmoja, mwanangu."

Mchi wa kwanza ulipotua, nilitambaa chini ya baraza nikatazame vigingi. Haukuwa ushujaa, ilikuwa hofu tupu. Juu yangu michi ilishuka kama mguu mmoja mkubwa. Oili ilinidondokea usoni. Boriti zilinung'unika, zikatulia. Nguzo hazikusogea hata kidogo. Niliweka kiganja kwenye mojawapo, nikausikia mpigo ukishuka ndani yake kwenda ardhini, na machozi yakanitoka.

Nikasikia sauti ya Zainabu. "Fundi yuko wapi?"

"Yuko chini," alijibu jirani.

"Chini wapi?"

"Chini yetu hapa, kalala."

Zainabu akacheka. "Yule mwoga kalala chini yake? Basi nipisheni nipande."

Niliziona nyayo zake kupitia nafasi za mbao, ngazi hadi ngazi, mpaka zikasimama juu ya uso wangu. Mtoto alizaliwa nyumbani kwa Bibi Somoe wiki hiyohiyo, na mama akapona.

Baada ya hapo nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, nikajenga madarasa na maghala, na kila jengo nililigonga kwa siri kabla ya kulikabidhi. Nilipostaafu nilikwenda Ruangwa. Mbao za juu zilikwisha kubadilishwa na mafundi wengine, na nyumbani wanakaa wajukuu wa Bibi Somoe. Nguzo zilikuwa zilezile, nyeusi. Niliinama nikagonga moja. Ikalia.

"Nani huyo anabisha hodi chini?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani. "Mlango uko juu, baba. Pita."

Nikapanda bila kujishika popote.