Hadithi ya Nyota Mchana Kweupe

Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi hunikasirisha na kunilainisha kwa pamoja. Juzi jirani aliinjika sufuria yake uani, nikaacha kufua nguo za mtoto, nikasimama kama mjinga. Nilikuwa mjini Koboko tena, kule Uganda, miaka ile ya sabini, msichana mdogo mwenye vidole vyekundu, nasuka vikapu na wenzangu.

Binamu yangu mkubwa, Zainabu, alikuja kukaa kwetu na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Alitufasiria mimi na rafiki yetu Rehema: mtu alipaa kwa chombo cha chuma hadi kwenye nyota, akamkuta mwanamke mwenye macho matatu, analima peke yake. Tulipagawa. Tulijiita Watu wa Nyota, tukafunga nyuzi nyekundu mikononi. Wavulana wa kisimani walitucheka: "Nyinyi watu ya nyota, huko maji iko?"

Kusoma kulikuwa baada ya magharibi tu. Kwa haboba, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa mama, ngano haikutambwa jua likiwaka. Ukitamba mchana, mama yako anapotea njia. Na mama yangu alikuwa mtu wa njia: alipeleka vikapu vyetu sokoni Arua, akarudi kwa lori.

Kisha baba yake Zainabu, askari, akahamishiwa Jinja. Gari la kumchukua binti yake lingefika alasiri. Kitabu kilibaki sura moja, na siku hiyohiyo mama alikuwa anarudi kutoka Arua.

"Hii si ngano," alisema Rehema. "Chombo iko na misumari, iko na petroli. Ngano haina petroli."

"Na mama ya macho tatu?" nikamuuliza. "Petroli yake iko wapi?"

"Watu walishafika mwezini. Redio ilisema."

"Redio ilisema macho tatu?"

Tulibishana mpaka ukindu ukashika chini ya sufuria. Zainabu mwenyewe, msomi wetu, alishindwa kusema kitabu chake ni kitu gani. Mimi niliitaka sura ile kuliko chakula, na niliiogopa vilevile.

Haboba alikuja kwa ajili ya moshi, akakuta kesi. Akasikiliza, mikono kiunoni.

"Huyu mutu na chombo yake, alisafiri zamani?"

"Hapana, haboba," Zainabu akajibu. "Ni miaka ambayo haijafika."

"Basi si ngano. Ngano ilishapita. Hii bado. Soma, binti yangu."

Nikaangua kilio. Mama iko njiani, nikasema. Haboba akanifuta uso kwa pindo la nguo yake.

"Alikuwa mtoto yangu kabla ya kuwa mama yako. Akipotea, mimi nitamtafuta. Nyamaza, sikiliza."

Zainabu akasoma. Yule mtu hakurudi duniani, alichukua jembe. Rehema alilia, akasingizia moshi. Haboba hakusikia hata neno. Alikuwa barabarani, eti anatazama mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Zainabu akaondoka na kitabu chake, tukapunga mikono mpaka vumbi likatulia. Haboba akabaki palepale juani. Lori la mama lilipofika, alimpokonya kikapu na kumgombeza mbele ya abiria: "Unachelewa nini? Wewe iko mtoto?" Mama akacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni uzee.

Sekondari walinifundisha kutenga ngano, hekaya na riwaya. Kitabu cha Zainabu hakikuingia popote, na sijali tena. Sasa nina mtoto, hasira zangu zinajulikana mtaa mzima, na najua ukali ule ulitoka wapi. Haboba aliamini mwiko ule kuliko sisi sote. Alitoa hukumu asiyoiamini, ili wasichana wanaoachana wamalize kitabu chao pamoja, kisha akatoka kwenda kuogopa peke yake.