Reli Yangu Ilipita Juu ya Mama

Leo nimepitisha reli juu ya kaburi la mama yangu.

Ni kwenye ramani tu, msiogope. Mwalimu wa Jiografia alituambia tupendekeze njia ya kuifikisha reli ya Kisumu hadi Homa Bay na Migori. Mama alifia njiani akipelekwa hospitali, kwa hivyo nilitaka treni isiyozunguka. Nikachukua rula, nikapiga mstari mnyoofu.

Jioni nikamwonyesha nyanya.

"Boma letu liko wapi hapa?"

Nikaweka kidole karibu na Rongo. Kikatua juu ya reli.

"Na mama yako?"

Mnajua kwetu tunazika nyumbani. Kidole changu kilibaki palepale.

"Treni ni nzuri, mjukuu wangu," akasema, akiendelea kuchambua dagaa wake wa omena. "Lakini siku ya kumfukua, wewe ndiwe utakayemweleza anahamia wapi."

Nimefuta mstari mpaka karatasi ikachanika kidogo. Sasa reli yangu inapinda, inaliacha boma letu, halafu inaendelea.

Treni itachelewa kidogo pale. Na ndani yake huenda yumo mama wa mtu, naye anakimbizwa hospitali.

Kesho naipeleka kwa mwalimu. Nyinyi mngeipitisha wapi?