Saa Kumi ya Mashine

Kazini wananiita Mpishi. Chakula cha watu nilishakipika, miaka kumi na minne kwenye jiko la shule ya bweni, mpaka moshi ukaniharibu macho nikaacha. Siku hizi napikia mimea. Banda letu ni refu, la plastiki, na ndani yake hamna hata konzi moja ya udongo. Saladi elfu sita zimepandwa kwenye mabomba meupe, mizizi inaning'inia majini, na zinakula kile tu nilichozikorogea mimi. Nikikosea, halafu nimsingizie nani? Jua? Mvua? Hakuna. Ni mimi tu na mwiko wangu.

Kuna dumu A na dumu B. Ukiyamimina pamoja yakiwa bado mazito, yanakatika kama maziwa yaliyoharibika na chakula chote kinazama chini kikawa tope jeupe. Kwa hiyo la kwanza linaingia kwenye maji mengi, unakoroga, unasubiri, ndipo unatia la pili. Sisi tunayaita Bwana na Bibi waliotalikiana, wakutane kwenye umati wa watu tu. Na kuna dumu la tatu, la asidi, ambalo halina utani. Maji yetu ya kisima yana magadi, na mimea ikinywa magadi inagoma kula, ndiyo maana tunatia asidi kidogo kuyaweka sawa. Kidogo kwenye maji mengi. Ikiwa peke yake, tone moja liliwahi kutoboa aproni yangu na suruali yangu, likaniachia kovu pajani. Kitu kile nakiogopa, sioni haya kusema.

Kazi hii nilitafutiwa na shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi bomba wa palepale. Ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna breki. Jumatatu moja safu mbili za saladi ziliamka na majani ya njano. Akasimama katikati ya wavunaji wote, akanusa hewa, akasema, "Jamani, Mpishi wetu leo kaunguza!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi, niliyelisha watoto mia sita kila siku bila kuunguza sufuria! Nilikasirika nikahisi masikio yanawaka.

Basi nikamnunia. Jumanne akanisalimia, "Shemeji, umeamkaje?" Nikajifanya nasoma maandishi ya dumu. Jumatano akaniletea muwa uliokwisha kumenywa, nikampa mtu mwingine mbele ya macho yake. Nina kisirani mimi, mume wangu anajua.

Jumatano hiyohiyo, shemeji akiwa kisimani, fundi umeme akatufungia pampu ndogo yenye saa, na bomba lake jembamba mpaka ukingoni mwa tangi, ili asidi iingie tangini yenyewe nisiwe nabeba dumu. Alinielekeza mara moja tu. "Hapa unabonyeza saa, hapa dakika, halafu kitufe cha kijani. Umemaliza."

Alhamisi jioni msimamizi akanipigia simu. "Kesho si ndiyo unaenda kupima macho? Sawa. Shemeji yako ataosha tangi asubuhi, mchana alijaze. Asidi itegee saa kumi."

"Sawa, bosi."

Nikaenda stoo. Nikabonyeza moja, nikabonyeza sifuri. Kumi. Kijani. Nilijiona msomi.

Pale kwetu kuna sharti moja ambalo halijaandikwa popote ila kila mtu analijua. Anayetega pampu yoyote humwambia anayeingia tangini. Shemeji alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anakunja mpira wa maji. Nilimwona, naye aliniona. Nikajisemea, shauri yake, hiyo saa kumi si atakuwa ameshatoka zamani? Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Kesho yake nikawa kwenye benchi la zahanati ya macho, wa saba kwenye foleni. Ukutani mbele yangu kulikuwa na saa ya namba nyekundu. Nikakodoa macho nijipime mwenyewe kabla ya daktari. "Tisa na thelathini na nane," nikasoma kwa sauti.

Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu akacheka. "Macho yako mazima, mwanangu. Ila hiyo tisa ya mashine. Kwetu sisi sasa ni saa tatu na nusu na ushei."

"Najua, bibi, hata simu yangu ndivyo ilivyo. Macho yanaona tisa, mdomo unasema..."

Sikumaliza. Tisa ya mashine ni saa tatu. Basi kumi ya mashine ni saa ngapi? Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, nikarudia, nikarudia tena. Saa nne. Saa nne asubuhi. Na shemeji huingia tangini saa tatu, huwa hatoki kabla ya saa tano.

Nikatoa simu kwa pupa, ikaniponyoka. Nikaiokota, nikampigia. Inaita, inaita, hapokei. Bila shaka hapokei, simu huwa anaiacha juu na viatu vyake. Nikampigia msimamizi, imezimwa. Namba ya mlinzi sikuwa nayo, ningeitafutia nini? Nikamsikia yule bibi akiniuliza, "Mwanangu, kuna msiba?" Nilishatoka mlangoni.

Nikapata pikipiki. Dereva akataka tupatane bei kwanza. "Twende!" nilimpigia kelele usoni, maskini, naye akaondoka bila hata kunipa kofia. Njia nzima niliona kitu kimoja tu, bomba lile jembamba la asidi linaloning'inia ukingoni mwa tangi. Lile tangi limechimbwa chini, lina kina cha kumzidi mtu mrefu, na ngazi yake ni moja. Mtu akimwagikiwa machoni mle ndani, ataiona wapi ngazi? Nilikuwa natoa maneno ovyo. Mungu wangu, asiwe ameingia. Mungu wangu, awe amechelewa leo, awe anaumwa tumbo, awe amegombana na mkewe, chochote.

Karibu na kona ya mwisho lori la mchanga lilikuwa limeziba barabara. Nikatazama simu, tisa na hamsini na sita. Nikaruka chini nikakimbia. Nina miaka hamsini na mbili na magoti mabovu. Kiatu kimoja kilinitoka, sikugeuka.

Getini, mlinzi akanyoosha daftari. "Wageni na watumishi wote, andika jina kwanza, mama."

"Nitakuandika kwenye paji la uso!" Nikampita kwa bega. Hata hapo alinichelewesha, maana alinishika mkono akidhani nimerukwa na akili, tukavutana. Nikamng'ata. Ndiyo, nilimng'ata mtu mzima mwenzangu.

Stoo ilikuwa karibu kuliko tangi. Nilipofika mlangoni nikausikia ule mlio. Pampu ile haina kelele, inafanya tik, tik, tik, taratibu kabisa. Ilikuwa inafanya kazi. Nikaukamata waya nikauvuta kwa nguvu zote, soketi ikatoka na kipande cha plasta. Tik, kisha kimya. Imesukuma kwa muda gani? Sikujua. Dakika mbili? Tatu?

Kwenye tangi nikakuta viatu vyake vimepangwa vizuri, na simu ndani ya kimoja. Glavu zake zilikuwa zimetundikwa kwenye ngazi. Kumbe yumo mle ndani mikono mitupu.

"Shemeji!"

Nikalala kifudifudi nikachungulia. Mle ndani kuna giza, na macho yangu ndiyo hayo. Nikamwona mgongo kwanza. Alikuwa amechuchumaa chini ya lile bomba, viganja amevikinga vikiwa vimejaa, anavipeleka usoni.

"USINAWE!"

Sauti ile sikujua kama ninayo. Alishtuka akaanguka nyuma, yale maji yakamwagika sakafuni. Akanitazama juu kwa mshangao. Halafu akatazama mikono yake.

"Mbona yanachoma?" akasema. Halafu akapiga kelele.

Jinsi nilivyomtoa siwezi kueleza. Najua nilishuka ngazi, najua nilimsukuma kwa kichwa kutoka chini, mlinzi aliyekuwa amenifuata mbio akamvuta kutoka juu kwa mkono ule ule niliomng'ata. Tukamkalisha kwenye bomba la nje, nikamfungulia mpira, nikammwagia maji viganjani. Mlinzi akakimbia kutafuta gari. Ngozi ilikuwa inageuka njano, kwenye vidole ikaanza kujikunja. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nikamkagua macho, la kulia, la kushoto, nikamfunua kope kwa vidole vyangu. Mazima. Yote mawili mazima. Nikamkagua tena, sikuamini.

"Ni nini ile?" akauliza.

Ningeweza kusema pampu imeharibika. Neno hilo lilinijia mdomoni, tena lilikuja upesi.

"Ni asidi, shemeji. Nimeitega mimi. Niliambiwa saa kumi nikabonyeza kumi. Na sikukwambia, kwa sababu nilikununia."

Maji yakaendelea kumiminika viganjani mwake. Nilisubiri anitukane, na ningelishukuru hilo tusi.

"Nilikuwa nimelowa jasho," akasema mwishowe, polepole, huku akihema. "Nikayasikia yanadondoka pale juu. Nikajua ni wewe. Nikasema, kumbe shemeji hakwenda kupima macho, kaniona navyotaabika humu, kanifungulia maji ninawe. Nikafurahi, unajua? Nikasema yameisha."

Akanitazama.

"Nikakwambia asante kabisa. Hukunisikia?"