Msokoto Usiochoma

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Mume wangu aliponiambia kuna mama Mchina hapa Doha, mtaa wa Najma, juu ya duka la fundi cherehani, anayetibu miguu kwa kuchoma majani, nilimwambia huo ni uganga uliopanda ndege. Yeye ni mlinzi wa hoteli West Bay, anasimama zamu nzima, na alidai miguu imechoka tu. Alitaka kwenda peke yake. Nikakataa, nikamfuata na mkoba wangu kwapani.

Chumba kilijaa moshi wenye harufu kama ya bangi, iliyonifanya nifikirie polisi, nikakaa karibu na mlango. Yule mama, mtu asiyetabasamu, alimlaza mume wangu, akamvua soksi, akabonyezabonyeza unyayo wa kushoto kutafuta mahali pake. Kisha akawasha msokoto wa majani makavu, mnene kuliko sigara, akausogeza karibu na ngozi bila kuigusa.

"Har?" akauliza, kwa Kiarabu chetu cha sokoni. Unasikia moto?

"Mafi," mume wangu akajibu. Hakuna.

Akausogeza zaidi. "Har?"

"Mafi."

Mama akakunja uso, akaukagua msokoto wake. Nikafurahi, nasema kweli. Nilijua nimemnasa: majani yake hayana hata joto. Nikainuka, nikaingiza kidole changu pale pale, kati ya msokoto na unyayo, ili nimuumbue.

Kidole kiliungua. Nikakitia mdomoni huku machozi yakinitoka.

Yule mama alikuwa ameshauzima msokoto kwenye bakuli la mchanga. Aliunyooshea mguu kidole, akasema, "Daktari," akarudia, na hakutaka kuendelea.

Mume wangu alikuwa akitazama dari. Nikakumbuka soksi niliyoifua ikiwa na damu, naye akaniambia ni rangi ya kiatu. Nikaamini, mimi ninayenusa hata maziwa ya dukani.

"Tangu lini huusikii mguu huu?"

"Punguza sauti, mama watoto. Wakijua kazini, watanirudisha nyumbani."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Ulipokuja Doha, ulikuwa tayari umekufa ganzi."

Hasira ilinipanda, na hofu ikaipita. Nikapiga magoti nimvalishe soksi. Kabla ya kuivuta, nikambana kidole gumba kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, nikimtazama usoni.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Twende, basi litatuacha."