Kadi Zilizokuwa Chini ya Kadi

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Mhando, aliponiagiza nitoe orodha ya walaji wote wa kitongoji cha Mtoni. Mvua zilikuwa zimetukatalia misimu miwili, na unga wa njano ungeletwa kutoka Korogwe kwa kadiri ya orodha hiyo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vipya huku Handeni, nami nilikuwa karani, msichana aliyemaliza darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri na majivuno yaliyouzidi mwandiko.

Nilikuwa na sanduku la kadi. Kila balozi alikuwa na kadi yake, na kila nyumba yake: jina la mwenye nyumba, idadi ya walaji, na mwishoni mstari mmoja wa "Yuko chini ya". Nyumba ilikuwa chini ya balozi wa nyumba kumi, balozi chini ya kitongoji. Kadi ilimtaja mkubwa wake mmoja tu, haikutaja waliokuwa chini yake.

Basi nikatoa mabalozi walio chini ya Mtoni, kisha nyumba zilizo chini ya mabalozi hao. Nikajumlisha, nikapiga mhuri. Nilimaliza kabla chai haijapoa, na nilijisifu kwa kila aliyepita.

Alhamisi lori likaja. Tukagawa kwa kuita majina, na mchana unga ukaisha. Hapo akasimama mbele ya meza yangu Bibi Mwanahawa, mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu yatima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nisomee hapo, karani. Mimi nimekufa lini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Nikapekua sanduku, nikaikuta kadi yake chini ya mwanawe Athumani. Kwetu mjane hakuandikishwa chini ya balozi wakati mwanawe yu hai; ingekuwa kumtangazia kijana kwamba amemtupa mama yake. Wake wa pili nao, wenye vyumba vyao na masufuria yao, nilikuwa nimewaweka chini ya waume zao kwa mkono wangu mwenyewe. Wote hao sikuwasoma, kwa kuwa nilipofika kwenye kadi za nyumba zilizo chini ya mabalozi nilikoma, sikuuliza nani yuko chini ya nyumba hizo.

Mzee Mhando hakupaza sauti. "Binti, umekoma kuuliza mapema mno," alisema, akanipa ungo. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba kila aliyepata arudishe kidogo. Wengine walitoa kwa kununa, na mmoja alinifungia mlango. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Magharibi wajukuu wa Bibi Mwanahawa walikunywa uji mwepesi, wakaramba sufuria.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye kompyuta unavyopanga bidhaa za duka: mahindi ndani ya mbegu, mbegu ndani ya kilimo, kila aina ikijua tu aina iliyo juu yake. Ukasema unauliza ngazi tatu kwa sababu ziko tatu. Leo ziko tatu, mwanangu. Kesho mtu ataongeza ya nne bila kukuaga.

Usihesabu ngazi. Anza na aliye juu, toa walio chini yake. Kisha kwa kila uliyemtoa, uliza tena nani yuko chini yake, mpaka usipate jibu. Na uliyempitia mtie alama. Nilikuwa na wazee wawili ndugu, kila mmoja kwa heshima akikataa kukaa juu ya mwenzake, nami mjinga nikamwandika kila mmoja chini ya mwenziwe. Ukiwafuata hao bila alama utazunguka mpaka Kwashemshi na kurudi, usifike mwisho.

Na ukitaka kupiga mhuri, kwanza mtafute aliye chini kabisa, uone jina lake kwa macho yako.

Mungu akupe subira ya kumfikia wa mwisho, na asikusimamishe mbele ya mwenye njaa uliyemsahau wewe. Amina.